Ugumu wa ini na mchochota katika damu: Namna ya kuyasoma majibu ya vipimo

Katika kaunti ndogo ya Petta, wilayani Tororo, mashariki mwa Uganda, mtu anayesumbuliwa na maumivu ya ubavu wa kulia huwa na njia kadhaa mbele yake: kituo cha afya kilicho karibu, hospitali ya mjini Tororo, au safari ya kuvuka mpaka wa Busia au Malaba kwenda kupima upande wa Kenya. Njia yoyote atakayoifuata, mara nyingi hurejea nyumbani na karatasi iliyojaa herufi na tarakimu: ALT, AST, CRP, idadi ya chembe sahani, na pengine kipimo cha ugumu wa ini kilichoandikwa kwa kilopaskali.

Karatasi hiyo yaweza kumtia mtu hofu isiyo na msingi, au kumpa matumaini yasiyo na msingi. Chanzo cha tatizo ni kimoja: ini lililovimba na ini lenye makovu hufanana mbele ya vipimo vingi, ingawa la kwanza laweza kupona kwa majuma machache na la pili huhitaji miaka. Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya viashiria vya mchochota katika damu na ugumu wa ini, yale ambayo watafiti wameyaona nchini Uganda, na sababu za wakaazi wa Tororo na Busia kuwa waangalifu zaidi wanapoyasoma majibu yao.

Mchochota na kovu: vitu viwili tofauti

Mchochota ni jibu la mwili dhidi ya adui au jeraha. Sehemu iliyodhurika huvimba, hupata joto na huuma, kwa kuwa askari wa mwili wamekusanyika hapo. Mchochota wa ini, ambao kwa lugha ya kitabibu huitwa hepataitisi, waweza kuletwa na virusi, pombe, mafuta yaliyojikusanya ndani ya ini, vimelea, au baadhi ya dawa, zikiwemo za miti-shamba.

Mchochota ukipita upesi, ini hujijenga upya bila kuacha alama. Lakini ukidumu kwa miaka, mwili huziba majeraha kwa nyuzi za kovu, jinsi ngozi inayoungua mara kwa mara mahali pamoja inavyokuwa ngumu. Hali hiyo ya makovu huitwa fibrosi. Makovu yakienea hata yakaligawa ini katika vinundu vinundu, huitwa sirosisi. Hapo damu hupenya kwa shida, tumbo huanza kujaa maji, na mishipa ya koo la chakula huvimba na yaweza kupasuka.

Balaa la ugonjwa huu ni ukimya wake. Mtu aweza kulima, kuendesha bodaboda na kulea watoto kwa miaka mingi huku ini lake likijaa makovu bila kumwashiria lolote. Ndiyo maana vipimo vinavyoweza kuyaona makovu mapema vina thamani kubwa, na ndiyo maana kuvisoma vibaya kuna gharama kubwa.

Ugumu wa ini hupimwaje?

Zamani njia iliyotegemewa ilikuwa kuchoma sindano ubavuni na kutoa kinyama kidogo cha ini ili kikaangaliwe kwa hadubini. Njia hiyo ingali inatumika, lakini huuma, ina hatari ya kuvujisha damu, na huonyesha takriban sehemu 1 tu kati ya 50,000 za ini zima.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Echosens ya Ufaransa ilileta kifaa kiitwacho FibroScan. Mgonjwa hulala chali, mkono wa kulia akauweka nyuma ya kichwa. Mtaalamu hugusisha kifaa kati ya mbavu, nacho hutoa mtetemo mdogo ambao wimbi lake hupita ndani ya ini. Wimbi hukimbia zaidi katika kitu kigumu kuliko katika kitu laini, na kutokana na mwendo wake mashine hukadiria ugumu kwa kipimo cha kilopaskali. Tendo hilo hurudiwa angalau mara 10 na thamani ya katikati huchukuliwa. Ni kama mwuza mafenesi anayeligonga tunda: mlio humweleza hali ya ndani bila yeye kulipasua.

Katika mwongozo wake wa 2024 kuhusu homa ya ini aina ya B, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba ugumu unaozidi kilopaskali 7 kwa mtu mzima unaashiria makovu yenye uzito, na unaozidi 12.5 unaashiria sirosisi.

Hata hivyo, kifaa hiki hakipimi kovu. Hupima ugumu, na ugumu una visababishi vingi. Mchochota mkali hulivimbisha ini na kulikaza ingawa hakuna kovu hata moja. Moyo uliodhoofika huirudisha damu nyuma na kulijaza ini. Njia ya nyongo ikiziba, ini hukaza vilevile. Hata mlo mzito huongeza mtiririko wa damu katika ini na kuipandisha tarakimu, na ndiyo sababu mpimwaji hutakiwa kukaa angalau saa 3 bila kula.

Viashiria vya mchochota katika damu

Ikiwa ugumu wa ini wachanganya mchochota na kovu, je, damu haiwezi kutuambia ni kipi kati ya viwili hivyo? Yaweza, lakini kwa sehemu tu.

Vipimo vinavyofahamika zaidi ni ALT na AST. Hivi ni vimeng'enya vinavyoishi ndani ya chembe za ini. Chembe zikijeruhiwa, vimeng'enya huvuja na kuingia katika damu. ALT hutoka zaidi kwenye ini. AST hupatikana pia katika misuli na katika chembe nyekundu za damu, kwa hiyo yaweza kupanda pasipo ini kuwa na hatia.

Kipimo cha CRP ni cha namna nyingine. Hii ni protini inayotengenezwa na ini lenyewe linapopata ujumbe kutoka kwa askari wa mwili kwamba kuna vita mahali fulani. Hupanda kwa saa chache, iwe vita hiyo iko mapafuni, kwenye jino bovu au katika kidonda cha mguu. CRP yatangaza kwamba nyumba inaungua, lakini haisemi ni chumba kipi. Tena, kwa kuwa ini ndilo linaloitengeneza, ini lililochoka kabisa laweza kushindwa kuipandisha inavyostahili. Kwa hiyo CRP ya chini si hati ya kuthibitisha uzima wa ini.

Kiashiria cha tatu hakipimwi katika hospitali za kawaida, ila kina umuhimu katika utafiti. Katika damu kuna chembe nyeupe ziitwazo monosaiti, ambazo hubeba juu yake protini ya CD14. Monosaiti zikiamshwa, huiachilia protini hiyo ikaelea huru katika damu. Wingi wa CD14 iliyo huru ni dalili kwamba chembe hizo zimeingia kazini.

Watafiti waliona nini Rakai?

Mojawapo ya tafiti zilizolichunguza jambo hili kwa makini barani Afrika ilifanyika wilayani Rakai, kusini mwa Uganda, ambako uchunguzi wa muda mrefu wa virusi vya UKIMWI (VVU) ulianza mwaka 1988. Mwaka 2011, Lara Stabinski na wenzake, akiwemo Ponsiano Ocama wa Chuo Kikuu cha Makerere, walichapisha matokeo ya kuwapima ugumu wa ini watu 500 wenye VVU na wengine 500 wasio navyo. Makovu yenye uzito yalikadiriwa kuwapo kwa asilimia 17 ya wenye VVU, na asilimia 11 ya wasio navyo. Wavuvi na watu waliowahi kutumia dawa za miti-shamba walikuwa miongoni mwa wale walioelekea zaidi kuwa na ini gumu.

Swali likabaki: kwa nini ini likaze kwa mtu ambaye hana homa ya ini ya virusi? Mwaka 2013, Andrew Redd na wenzake walirudi kwenye damu iliyohifadhiwa. Waliwachukua watu 133 wenye ugumu wa kilopaskali 9.3 au zaidi, wakawalinganisha na wengine 133 wenye ini la kawaida, waliofanana nao kwa umri, jinsia na hali ya VVU. Walipima CRP, kiashiria cha kuganda kwa damu kiitwacho D-dimer, CD14 iliyo huru, na mabaki ya bakteria wa utumboni, kwa kuwa kulikuwa na dhana kwamba utumbo uliodhoofishwa na VVU huvujisha bakteria na kulisumbua ini.

Katika viashiria vyote hivyo, kimoja tu kiliambatana na ugumu wa ini: CD14. Miongoni mwa wenye VVU, kupanda kwa CD14 kuliambatana na ongezeko la asilimia 54 la uwezekano wa kuwa na ini gumu. Kwa wasio na VVU, uhusiano uligeuka: CD14 ya juu iliambatana na uwezekano mdogo zaidi. CRP haikuonyesha uhusiano wa maana, na mabaki ya bakteria yalionekana kwa mtu mmoja tu. Watafiti walihitimisha kwamba huenda VVU vyenyewe, kwa kuziamsha monosaiti, vinahusika katika kulikaza ini.

Utafiti wa aina hiyo huonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Lakini unatupa mafunzo mawili. La kwanza, mchochota si kitu kimoja, na kiashiria kinachosema kweli kwa kundi moja chaweza kusema kinyume kwa kundi jingine. La pili, kipimo kilicho rahisi kupatikana, yaani CRP, hakikuweza kuwatenga wenye ini gumu na wenye ini la kawaida.

Tororo: Malaria inapoivuruga hesabu

Mashine za kupima ugumu ni chache na kwa kawaida huwa katika hospitali kubwa za mijini. Katika vituo vingi vya vijijini, njia iliyopo ni hesabu iitwayo APRI, ambayo hutumia vipimo viwili vya damu. Chukua AST ya mgonjwa, igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, kisha ugawe kwa idadi ya chembe sahani (zile zinazogandisha damu) kwa maelfu katika kila maikrolita, na uzidishe kwa 100. Mantiki yake ni kwamba ini lenye makovu huitanua bandama, nayo bandama iliyotanuka huzizuia chembe sahani. Kwa mujibu wa mwongozo wa WHO wa 2024, APRI inayozidi 0.5 inaashiria makovu yenye uzito, na inayozidi 1 inaashiria sirosisi.

Hapo ndipo mkaazi wa Petta anapopaswa kuwa macho. Malaria nayo hushusha chembe sahani na kupandisha AST. Nayo Tororo imekuwa miongoni mwa maeneo yenye malaria kali zaidi kuwahi kupimwa nchini Uganda: utafiti uliochapishwa 2015 ulikadiria kwamba mkaazi wa Nagongera, wilayani humo, alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea mara 310 kwa mwaka. Unyunyiziaji wa dawa majumbani ulioanza mwishoni mwa 2014 uliipunguza malaria kwa kiasi kikubwa, lakini haukuing'oa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkulima mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B anapimwa siku ambayo ana homa. AST yake ni 80, na kiwango cha juu cha maabara ni 40. Chembe sahani ni elfu 160. Hesabu: 80 kwa 40 ni 2, 2 kwa 160, mara 100, ni 1.25. Kwa tarakimu hiyo, ataambiwa ana sirosisi.

Mwezi mmoja baadaye, baada ya malaria kutibiwa, AST yake ni 44 na chembe sahani zimepanda hadi elfu 250. Hesabu sasa ni 0.44. Ini ni lilelile, mtu ni yuleyule. Kilichoondoka ni malaria. Bado ana virusi vya B na lazima aendelee kufuatiliwa, lakini hukumu ya sirosisi haikuwa yake. Mtu aliyeambiwa mara ya kwanza tu angeweza kuuza ng'ombe kugharimia safari za hospitali, au kukata tamaa na kuacha tiba kabisa.

Kandokando ya ziwa: Kovu lisiloonekana

Ukishuka kutoka Tororo kuelekea kusini hadi Majanji katika wilaya ya Busia, au ukivuka hadi Sio Port na Port Victoria katika kaunti ya Busia nchini Kenya, unafika Ziwa Victoria, na hapo kosa laweza kuwa la kinyume. Kichocho cha tumbo huenezwa na konokono wa majini. Minyoo yake hutaga mayai ambayo hukwama katika ini, nayo makovu hujengeka kandokando ya mishipa inayoingiza damu humo.

Nyama ya ini iliyo kati ya mishipa hiyo yaweza kubaki laini. Kwa hiyo mashine ya kupima ugumu huweza kutoa tarakimu ya kuridhisha, na ALT ikawa ya kawaida, ilhali mgonjwa ana bandama kubwa na mishipa ya koo iliyo karibu kupasuka. Kwa mvuvi, mchuuzi wa samaki au yeyote aliyekulia majini, kipimo cha ultrasaundi kinachoitazama mishipa ya ini na ukubwa wa bandama hufaa zaidi kuliko tarakimu ya ugumu peke yake.

Mpangilio unaofaa

Kutokana na hayo yote, wataalamu husisitiza kwamba tarakimu moja isitolewe hukumu. Msikilizaji anayekwenda kupima ini aweza kuyazingatia haya:

Kwanza, ikiwa una homa, upimwe malaria na itibiwe kabla ya hesabu ya APRI kuaminiwa. Ukipona, urudie kipimo baada ya majuma kadhaa.

Pili, upimwe virusi vya homa ya ini aina ya B na C, pamoja na VVU. Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika ratiba ya watoto wachanga nchini Kenya mwaka 2001 na Uganda mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, na wengi wao hawajui hali zao.

Tatu, mweleze mhudumu wa afya ukweli kuhusu pombe, iwe waragi au pombe ya mtama ya kunywewa kwa mirija, na kuhusu dawa zote za miti-shamba. Swali hilo haliulizwi ili kukuaibisha. Jibu lake hubadilisha maana ya kila tarakimu.

Nne, ukipimwa ugumu wa ini, usile kwa angalau saa 3 kabla, na uombe ALT yako isomwe pamoja na jibu hilo. Ugumu mkubwa wenye ALT iliyopanda sana huhitaji kurudiwa baada ya mchochota kutulia. Ugumu mkubwa usiobadilika, mchochota ukiwa umetulia, una uwezekano zaidi wa kuwa kovu.

Tano, uhifadhi karatasi zako zote, hasa ikiwa unapima pande zote mbili za mpaka. Maabara hutofautiana katika viwango vyake vya kawaida, na mwelekeo wa tarakimu kwa mwaka mzima husema mengi kuliko kipimo cha siku moja.

Je, ini lililokaza hulainika?

Mara nyingi, ndiyo. Mtu anayeacha pombe kabisa huweza kuona ugumu ukishuka ndani ya majuma machache. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo ya mapema ni mchochota unaoondoka. Kovu lenyewe hupungua polepole, kwa miaka. Anayetibiwa homa ya ini aina ya B kwa tenofovir huweza kupata mwenendo kama huo, na hata sirosisi ya awali huweza kurudi nyuma kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa kichocho, dawa ya prazikwanteli huua minyoo na huzuia makovu mapya.

Lipo onyo moja kwa wenye VVU na homa ya ini aina ya B kwa pamoja. Tenofovir iliyomo katika dawa nyingi za VVU huvidhibiti virusi vyote viwili. Anayeiacha ghafla, kwa sababu ya safari, kuhama au kukosa nauli ya kwenda kliniki, huweza kupata mchochota mkali wa ini unaohatarisha maisha. Kwa anayefanya kazi upande mmoja wa mpaka na kuchukua dawa upande mwingine, ni busara kupanga akiba mapema.

Dalili zisizongoja

Macho kuwa ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au mgonjwa kuchanganyikiwa na kusinzia ovyo: dalili hizi hazingoji hesabu yoyote. Anayezipata apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa wengine wote, muda upo, na ndio mtaji. Tarakimu iliyoandikwa kwenye karatasi ni mwanzo wa mazungumzo na tabibu. Swali la kumwuliza ni fupi: "Hiki mlichokipima ni kovu, au ni mchochota utakaopita?" Jibu lake likipatikana kwa uangalifu, laweza kumwondolea mtu hofu isiyo yake, au kumpa miaka ambayo ukimya wa ini ungemnyang'anya.